Mahdi kwenye sinema: mbona waasi hawasemi?

Kabiro ni sehemu ya Kawangware, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, huko zinakomalizia safari matatu za namba 46. Mtu wa Pwani akishuka hapo mara ya kwanza huona matope, moshi wa makaa na watu wanaokwenda mbio kila upande, na huenda asidhani kwamba ndani ya vibanda vile vya mabati mna jambo la kuandikiwa katika ukurasa wa utamaduni. Lakini limo. Limo nyuma ya pazia la gunia, mahali ambapo kijana ameketi mlangoni akipokea shilingi chache kutoka kwa kila anayeingia.

Hicho ni kibanda cha video. Ndani mna fomu za mbao, kiwambo kimoja, spika mbili kubwa kupita kiasi, na giza. Siku za mpira wa Uingereza hapana hata nafasi ya kupenya. Siku nyingine huonyeshwa picha za vita na mapigano, na picha hizo husema Kiswahili. Si kwamba wachezaji wamejifunza lugha yetu. Juu ya sauti zao imewekwa sauti ya mtu mmoja anayefasiri, anayetia mzaha, anayewapa wachezaji majina mapya, na pengine anayewagombeza kwa ujinga wao. Kazi hii inajulikana Afrika ya Mashariki yote. Uganda wenye kuifanya huitwa ma-VJ. Dar es Salaam alivuma Lufufu, mwanajeshi wa zamani ambaye jina lake hasa lilikuwa Derek Mukandala. Hapa Kenya ni watoto wachache wa mitaa hii wasioijua sauti ya DJ Afro.

Jioni niliyoingia mimi palikuwa pakionyeshwa The Four Feathers, yaani Manyoya Manne, ile ya mwaka 2002. Nilifika pale ambapo askari wa Kiingereza wamesimama jangwani katika mraba, bega kwa bega, na vumbi linawajia kutoka pande zote. Ndani ya vumbi hilo wamo watu wa Mahdi wa Sudani. Katika picha yenyewe watu hao hawana maneno mengi. Wanapiga makelele, wanapiga mbio, wanakufa. Lakini mfasiri wa Kabiro hakuridhika na hayo. Mmoja alimpa maneno ya kulalamikia kodi. Mwingine akamfanya amlilie ndugu yake aliyeuawa jana. Wa tatu akamfanyia mzaha Mwingereza ambaye shingo yake imeiva kwa jua. Watu wakacheka, na mara mraba ulipovunjika kibanda kizima kikasimama kushangilia. Na mimi, bila kujijua, nikajikuta nimesimama.

Nilipoketi tena ndipo nikajiuliza tumemshangilia nani. Kwa maana katika kitabu ambacho picha hiyo imetokana nacho, watu tuliowashangilia ni maadui.

KITABU KILICHOPIGWA PICHA MARA SABA

Kitabu chenyewe kiliandikwa na Mwingereza, A. E. W. Mason, na kikatoka mwaka 1902. Kisa chake ni hiki. Kijana Harry Feversham, mwana wa jemadari, ni ofisa katika jeshi. Amechumbia msichana aitwaye Ethne. Anapopata habari kwamba kikosi chake kitapelekwa Misri kupigana, anaomba kuacha kazi. Rafiki zake watatu wanamletea kila mmoja unyoya mweupe, na mchumba wake anamwongezea wa nne. Unyoya mweupe kwa Waingereza ni alama ya mwoga, na husemekana wameitoa kwenye mchezo wa kupiganisha majogoo: jogoo mwenye unyoya mweupe mkiani hafai vitani. Basi Harry anakwenda Sudani peke yake, amejigeuza sura, ili awatendee wale rafiki zake mambo ya ushujaa na kumrudishia kila mmoja unyoya wake.

Ni hadithi nzuri, wala siwezi kuikana. Ina mapenzi, ina aibu, ina mtu anayepofuka kwa jua la jangwani na asimwambie mtu, ina jela ya Omdurman ambamo watu hulala wamesimama kwa kukosa nafasi. Haishangazi kwamba watu wa sinema waliipenda. Kwa hesabu yangu imepigwa picha mara saba: 1915, 1921, 1929, 1939, 1955, 1978 na 2002. Ni vitabu vichache vya safari na vita vilivyobahatika hivyo.

Iliyo bora kuliko zote kwa macho ni ile ya 1939. Waliitengeneza ndugu wawili waliozaliwa Hungaria, Alexander Korda aliyetoa fedha na Zoltan Korda aliyeongoza. Walikwenda kupiga picha Sudani kwenyewe, kwa rangi, wakati ambapo picha nyingi za rangi zilikuwa zikitengenezwa ndani ya majumba ya Hollywood. Mto Nili unaonekana, mashua zinakokotwa kwa kamba, na wapiganaji wa Kihadendoa na nywele zao walizozisimamisha wanapita mbele ya macho yako. Sehemu za vita zilipendeza hata mwaka 1955 zikachukuliwa tena na kutiwa katika picha nyingine ya kisa hicho hicho, iliyoitwa Storm over the Nile.

Hapa naomba msomaji aniruhusu kupinda kidogo. Zoltan Korda huyu huyu ndiye aliyeongoza Sanders of the River mwaka 1935, picha iliyomsifu afisa wa Kiingereza anayetawala Waafrika wa mtoni kama baba anayetunza watoto. Miongoni mwa Waafrika waliookotwa London ili wajaze kiwambo alikuwamo mwanafunzi mmoja Mkenya aitwaye Jomo Kenyatta. Mtu anapohitaji fedha ya chakula hufanya kazi iliyopo. Lakini ni jambo la kufikiri, kwamba mtu aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya alipata kusimama mbele ya kamera kama sehemu ya umati usiosema.

Turudi jangwani. Katika picha ya 1939 Harry anahitaji kupita nchi ya maadui na hajui lugha yao. Hila yake ni kujifanya Msangali, mtu wa kabila ambalo, kwa mujibu wa picha hiyo, lilikatwa ndimi na kutiwa chapa usoni. Anachomwa chapa kwenye paji la uso, anapakwa rangi, na kuanzia hapo hasemi neno. Kila nikikumbuka hila hiyo huniwia vigumu kutocheka, kwani watengenezaji wamejifichua wenyewe. Mzungu akitaka kuwa mtu wa nchi hiyo ndani ya sinema, jambo la kwanza analopaswa kufanya ni kupoteza ulimi. Na Khalifa Abdallahi mwenyewe, aliyemrithi Mahdi, alichezwa na Mskoti, John Laurie. Vivyo hivyo mwaka 1966, katika picha ya Khartoum, Mahdi alichezwa na Laurence Olivier wa Uingereza akiwa amepakwa rangi usoni. Walipotakiwa kusema, aliletwa mwenyeji wa London kusema badala yao.

NG'OMBE WA KALI

Mtu ataniambia kwamba wakati ule Wazungu hawakupenda hadithi za waasi. La, si hivyo. Waliwapenda sana waasi.

Mtazame Captain Blood. Kitabu ni cha Rafael Sabatini, kilitoka 1922, na picha yake ya 1935 ndiyo iliyomfanya Errol Flynn ajulikane duniani. Peter Blood ni tabibu. Mwaka 1685 anamtibu mtu aliyejeruhiwa katika uasi dhidi ya mfalme wa Uingereza, na kwa kosa hilo tu anahukumiwa na kupelekwa kisiwa cha Barbados kuuzwa utumwani. Anatoroka na wenzake, wanateka jahazi, wanakuwa maharamia. Wanamwasi mfalme, wanapora meli, na watazamaji wote wanawaombea heri. Mwisho wake mwasi huyo anafanywa gavana. Au mtazame Zorro, aliyeandikwa na Johnston McCulley mwaka 1919 na kupigwa picha mwaka uliofuata na Douglas Fairbanks. Huyo naye anavaa kinyago na kuwachapa maofisa wanaowadhulumu maskini wa California. Wote hawa ni waasi, na wote wamepewa midomo. Captain Blood haachi kusema. Hata akiwa amefungwa minyororo anamjibu hakimu sentensi ndefu zilizonyooka.

Hivyo basi haikuwa chuki ya uasi. Lilikuwa ni swali la nani anaasi na dhidi ya nani.

Jambo hili lilielezwa vizuri, pengine bila mwandishi kukusudia, katika kitabu kingine kuhusu Mahdi ambacho kwetu Pwani kina maana ya pekee kwa sababu mwisho wake uko Mombasa. Mwandishi ni Mpolandi, Henryk Sienkiewicz, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka 1891 alifika Unguja, akavuka hadi Bagamoyo, homa ikampiga akarudi. Miaka ishirini baadaye aliandika hadithi ya watoto wawili wa Kizungu, Staś na Nel, waliotekwa Misri na wafuasi wa Mahdi na kupelekwa mpaka mbele ya Mahdi mwenyewe. Wanaponyoka, wanapita misitu na nyika, na mwishowe wanaokolewa na kufikishwa Mombasa. Huko Poland kitabu hicho kimesomwa na watoto kizazi hata kizazi, na kimepigwa picha mara mbili, mwaka 1973 na mwaka 2001.

Mahdi katika kitabu hicho ni mtu mnene, mnafiki, anayenukia manukato na kulia machozi ya uongo. Mwislamu akikisoma atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini ndani yake mna kijana Mwafrika aitwaye Kali, mwana wa mfalme aliyefanywa mtumwa, anayefuatana na wale watoto. Siku moja anaulizwa baya ni nini. Kali anajibu kwamba baya ni mtu kumwibia Kali ng'ombe zake. Na jema? Jema ni Kali kuchukua ng'ombe za mtu. Wapolandi wamelifanya jibu hilo kuwa msemo wa kumcheka mtu mwenye mizani mbili. Mwandishi alitaka tumcheke Mwafrika. Mimi nikilisoma naona limewaeleza watengenezaji wa sinema barabara. Peter Blood akimwasi mfalme ni jema. Muhammad Ahmad akimwasi gavana ni baya.

MTU ALIYEKUWA NYUMA YA VUMBI

Muhammad Ahmad bin Abdallah alikuwa mtoto wa fundi wa mashua kutoka upande wa Dongola. Alisoma dini, akafuata tarika, akaishi kisiwani Aba katika Nili Nyeupe. Mwaka 1881 alitangaza kwamba yeye ndiye Mahdi anayengojewa. Sudani wakati huo ilikuwa chini ya serikali ya Misri, na Misri yenyewe chini ya Dola ya Uthmaniya, na wakusanya kodi walikuwa wakali hata wakulima wakahama mashamba yao. Mwaka 1883 jeshi la Hicks Pasha liliangamizwa Shaykan. Januari 26, 1885, Khartoum ikaanguka na Jenerali Gordon akauawa. Miezi mitano baadaye Mahdi mwenyewe akafariki.

Kama madai yake ya umahdi yalikuwa kweli au la, hilo ni jambo la maulamaa, na wengi wa zama zake mwenyewe waliyakataa. Wala sitaki kumpamba mtu. Miongoni mwa waliomfuata walikuwamo wafanya biashara ya utumwa ambao Gordon aliwaharibia biashara yao, na utawala wa Khalifa Abdallahi baada yake ulikuwa mzito, ukakutana na njaa kubwa ya 1888 na 1889 iliyoua watu wengi mno. Haya yote yangetosha kutengeneza picha nzuri, yenye watu wema na wabaya upande huo huo mmoja. Lakini picha haziyagusi. Vumbi linakuja, vumbi linaondoka.

Na hesabu za mwisho hazigusi pia. Septemba 2, 1898, huko Omdurman, Kitchener alilikabili jeshi la Khalifa kwa mizinga na bombomu za Maxim. Kabla ya jua kuwa kali Wasudani zaidi ya 10,000 walikuwa wamekufa. Kwa upande wa Kitchener waliokufa hawakufika 50. Kisha kaburi la Mahdi, ambalo kuba lake lilikuwa limekwisha pigwa mizinga, likabomolewa, na mifupa yake ikatupwa katika Nili. Hata huko Uingereza kwenyewe watu walilichukia tendo hilo, na mzozo ukazuka. Picha ya 1939 inamalizikia katika vita hivyo vya Omdurman, bendera inapandishwa, kisha tunarudi mezani Uingereza ambako mzee mmoja anasimulia vita vya zamani kwa kupanga matunda na njugu. Kaburi halimo.

KUTOKA NILI HADI MAKINA

Sasa kwa nini niyataje haya yote nikiwa Nairobi? Kwa sababu ukitoka Kabiro na kuvuka Barabara ya Ngong kuelekea kusini, muda si mrefu utafika Kibera, na Kibera ni jambo lililozaliwa na vita hivyo hivyo vya Mahdi.

Khartoum ilipozingirwa, gavana wa jimbo la kusini kabisa la Sudani, Mjerumani aliyejiita Emin Pasha, alikatiwa njia. Alibaki huko juu ya Nili na askari wake wa Kisudani, bila barua wala baruti. Mwaka 1889 Stanley alimtoa na kumleta Pwani. Wazee wa Bagamoyo walihadithiana kwa miaka mingi jinsi usiku wa Desemba 4 palivyofanywa karamu kumpongeza, na Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka ghorofani hadi barabarani akanusurika kufa. Walakini sehemu kubwa ya askari wake hawakuja. Waliachwa karibu na Ziwa Albert pamoja na wake na watoto wao, chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta huko na kuwaandika katika kazi ya kampuni ya Kiingereza. Mwislamu aliyekwenda vitani kwa ajili ya Misri akajikuta anapigana kwa ajili ya Uingereza, na hakuna aliyemwuliza.

Sisi wa Pwani tulikutana na Wasudani kama hao mapema. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipoasi mwaka 1895, miongoni mwa askari waliopelekwa kumwinda walikuwamo Wasudani waliokuwa na kambi Mombasa. Mbaruk alivuka mpaka mwaka 1896 akajitia mikononi mwa Wajerumani, na alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Hicho nacho ni kisa chenye ngome msituni, usaliti wa jamaa na safari za usiku, na hakuna aliyekipiga picha.

Lakini askari wa Kisudani wa Uganda nao waliasi. Septemba 1897, hapo Eldama Ravine, waliambiwa wajiunge na safari ya Meja Macdonald kuelekea kaskazini. Walikuwa wametoka vitani, wakarudishwa vitani, wakatolewa tena. Mshahara ulikuwa mdogo na ulicheleweshwa miezi. Walitaka kujua wake zao watabaki na nani. Hawakujibiwa vizuri, wakakataa kwenda. Waliiteka ngome ya Luba huko Busoga, wakawaua maofisa watatu wa Kiingereza, na vita vikaendelea mpaka mwaka uliofuata. Waliotumwa kuwapiga walikuwa Masingasinga na, tusijifiche, Waswahili pia. Tazama basi: kwa muda wa miaka miwili tu Msudani alitumwa kumpiga mwasi wa Kiswahili, kisha Mswahili akatumwa kumpiga mwasi wa Kisudani. Ningekuwa mtengenezaji wa sinema, kisa hiki ningekipata bure.

Waliobaki watiifu waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902. Wakati wa kuwastaafisha ulipofika hawakuwa na kwao pa kurudi, wakapewa kukaa katika msitu kandokando ya Nairobi. Wao wenyewe waliuita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Mpaka leo Makina ni mtaa wao na msikiti wa Makina ni msikiti wao, na mwenyeji wa Mombasa akitembea Kibera atashangaa kukuta hata mtaa uitwao Fort Jesus. Serikali zilizofuata hazikuwatambua sawasawa, wala za kikoloni wala za baadaye. Vijana wao walizungushwa miaka kwa miaka walipotaka vitambulisho, na ardhi ikapungua vipande vipande. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288.

Kwa hiyo mtoto wa Kinubi akiketi katika kibanda kutazama Manyoya Manne, hatazami nchi ya mbali. Babu wa babu yake aliachwa njiani na vita hivyo. Lakini akitafuta ni yupi kwenye kiwambo aliye wake, atakuta hayumo. Kuna Mwingereza aliyeona aibu, na kuna vumbi.

MZIGO WA ABOU FATMA

Picha ya 2002 ilijaribu kurekebisha. Aliyeiongoza ni Mhindi, Shekhar Kapur, mtu ambaye nchi yake nayo ilitawaliwa na jeshi hilo hilo lenye makoti mekundu, na inaonekana wazi kwamba hakutaka kuwashangilia Waingereza. Vita alivyovionyesha ni vya Abu Klea, Januari 17, 1885. Katika historia mraba wa Kiingereza ulivunjika kwa dakika chache tu kisha ukajifunga, nao wakashinda; Kapur aliuvunja usijifunge tena. Pia alimkuza mtu ambaye katika kitabu cha Mason ni msaidizi mdogo, Abou Fatma, akampa mchezaji hodari mzaliwa wa Benin, Djimon Hounsou.

Abou Fatma wa Hounsou ni mtu shujaa, mwenye heshima, anayesali. Kwa mtazamaji Mwislamu ni faraja kumwona. Lakini kazi yake kutoka mwanzo hadi mwisho ni kumbeba Mwingereza: anamwokota jangwani, anampa maji, anakwenda kumtafuta jela. Kwa nini anafanya hivyo? Picha inasema kwamba Mungu amemweka Mwingereza yule njiani mwake. Hilo ni jibu la mtu mcha Mungu, lakini vilevile ni jibu la mwandishi aliyechoka kufikiri. Mtu huyu ana nchi, na nchi yake inaungua. Yeye mwenyewe anaonaje kuhusu Mahdi? Kuhusu Misri? Hatuambiwi. Mbele ya hila ya 1939 ni hatua kubwa, maana angalau huyu ana ulimi, ila ameazimwa kwa ajili ya haja za mwingine.

Mimi naamini dawa ya jambo hili haitatoka kwa wale waliokwisha piga kitabu kimoja mara saba. Mwaka 2021 kijana wa Kitanzania, Amil Shivji, alitoa picha iliyotokana na Vuta n'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Nayo ni hadithi ya mapenzi na uasi, Unguja ya miaka ya 1950, Denge anayefukuzwa na polisi wa mkoloni na Yasmin aliyemkimbia mume mzee. Ukiitazama unaweza kulalamika kwamba inakwenda polepole, na kweli inakwenda polepole kuliko kitabu, ambacho ukikishika usiku hukulaza. Lakini waasi wake wanasema. Wanasema Kiswahili cha Mji Mkongwe, wanabishana, wanataniana, wanaogopa. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Kabiro sijaiona ikionyeshwa, na mwenye kibanda nilipomwuliza alitaka kujua kwanza kama ina mapigano.

Nikamwuliza pia kuhusu mfasiri wa ile picha ya Sudani, kwa nini aliwapa watu wa Mahdi maneno ambayo hawakuyasema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chai inatiwa sukari. Akasema watu wamelipa, na mtu aliyelipa hawezi kukaa saa mbili akitazama watu wanaopiga kelele tu, lazima ajue wanataka nini.

Huko nyuma ya pazia sauti ilikuwa ikiendelea. Harry Feversham alikuwa jela, na mfungwa mmoja wa Kisudani aliyeketi pembeni, ambaye kamera ilimpitia upesi tu, alikuwa anamweleza jirani yake kwa Kiswahili cha Kawangware bei ya maji ilivyopanda.